CHUJIO LA MASIZI LIKIZIBA, USILITUPE



Katika vijiji vingi siku hizi motokaa si ajabu tena. Ndugu huuza mahindi, kahawa au ng'ombe, hukusanya fedha zao pamoja, na hununua gari lililokwisha kutumika Japani au Uingereza, likaja kwa meli hadi Dar es Salaam au Mombasa. Mengi ya magari hayo ni ya dizeli, maana dizeli huvuta mzigo vizuri na haili mafuta mengi. Wenyewe hufurahi. Kisha, baada ya miezi michache, taa ndogo ya manjano yawaka mbele ya dereva, gari lapungua nguvu, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Huyu asema hili, yule asema lile, na fedha za shamba zaanza kwenda kwa fundi.

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya taa hiyo. Mara nyingi ugonjwa wake ni huu: chujio la masizi limeziba. Mafundi huliita kwa herufi tatu, DPF. Si ugonjwa wa kuliua gari, kama ukitibiwa mapema. Lakini dawa inayotolewa upesi kuliko zote, yaani kulikata chujio na kulitupa, ndiyo iliyo mbaya kuliko zote. Tutawaeleza kwa nini, na tutawaeleza la kufanya.

MASIZI HUTOKA WAPI?

Kila mama apikaye kwa kuni ayajua masizi. Kuni zikiwa mbichi, au mafiga yakibanana hata hewa isipite, moto hauwaki vizuri. Moshi huwa mweusi na chungu huwa cheusi. Masizi si kitu kingine, ni kuni ambazo hazikuungua sawasawa.

Injini ya dizeli nayo ndivyo ilivyo. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ndiye aliyeibuni, na mwaka 1897 injini yake ilijaribiwa na kufaulu katika mji wa Augsburg, Ujerumani. Haina cheche ya kuwasha moto kama injini ya petroli. Yenyewe huishindilia hewa mpaka hewa ipate moto mkali, kisha nozeli hunyunyiza dizeli ndani yake, nayo dizeli huwaka yenyewe. Matone yapatayo hewa ya kutosha huungua yote. Matone yasiyoipata huungua nusu nusu, na mabaki yake ni masizi.

Masizi hayo mengi ni madogo mno, hata jicho haliyaoni moja moja. Vumbi la barabarani hunaswa puani, ukapenga kamasi likatoka. Masizi ya dizeli hupita pua, hupita koo, yakaingia ndani kabisa ya mapafu. Mwezi wa Juni mwaka 2012 idara ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza ugonjwa wa saratani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli huwaletea watu saratani ya mapafu.

Kabla ya hapo nchi nyingine zilikwisha kuchoshwa na moshi huo. Mjini Tokyo, gavana Ishihara Shintaro aliwaonyesha watu chupa iliyotiwa masizi ya dizeli, wajionee kwa macho kile wanachokivuta. Tangu Oktoba mwaka 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kipimo cha masizi yalikatazwa kupita katika mji huo. Huko Ufaransa kampuni ya Peugeot ilianza mwaka 2000 kuuza motokaa ya aina ya 607 yenye chujio la masizi. Tangu mwaka 2009 sheria mpya za Ulaya zilipunguza masizi kiasi kwamba motokaa ya dizeli haiwezi kuzitimiza bila chujio. Kwa hiyo, msomaji, ukinunua leo gari la dizeli lililotoka nchi hizo, yaelekea umelinunua pamoja na chujio lake, hata kama aliyekuuzia hakukuambia neno.

CHUJIO LENYEWE LI NAMNA GANI

Ingia chini ya gari ukalitazame bomba la moshi, yaani ekzosi. Karibu na injini, au chini ya sakafu ya gari, utaona mahali ambapo bomba limenenepa kama kopo kubwa. Mabomba membamba mawili yatoka hapo, na nyaya pia. Ndani ya kopo hilo limo chujio.

Limefinyangwa kwa udongo mgumu uliochomwa, mfano wa sega la nyuki. Lina vijitundu vingi sana vilivyonyooka. Lakini kila kijitundu kimezibwa upande mmoja: hiki kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma. Moshi ukiingia katika kijitundu kimoja hauoni njia ya kutokea, ila kupenya ukuta na kuingia kwa jirani. Hewa hupenya, masizi hubaki ukutani. Ndiyo maana gari lenye chujio zima halina weusi mdomoni mwa ekzosi. Tia kidole ndani injini ikiwa imepoa: kikitoka cheusi ti, ujue chujio limepasuka au halimo.

Mtauliza: Masizi yakibaki humo kila siku, je, halitajaa? Litajaa, naam. Kwa sababu hiyo chujio limetengenezwa lijisafishe. Masizi ni kitu cha kuungua, na dawa yake ni moto. Gari likienda mwendo mzuri katika barabara ndefu, moshi hupata joto sana, na masizi huungua polepole yenyewe. Hilo lisipotosha, kompyuta ya gari huipima nguvu ya moshi mbele na nyuma ya chujio kwa yale mabomba membamba. Ikiona njia inabanana, huamuru dizeli kidogo zaidi inyunyizwe, chujio lipate joto la digrii 600 hivi, na masizi yote yaungue. Kazi hiyo huchukua dakika 10 hadi 20, nayo hurudiwa kila baada ya kilomita mia kadhaa. Dereva pengine hajui lolote.

Lakini kumbukeni jiko la kuni. Masizi ukiyatia motoni huungua, lakini majivu hayaungui. Katika chujio majivu hutoka hasa katika oili ya injini. Hayo hukaa humo siku zote, mpaka mtu alifungue chujio na kulisafisha.

KWA NINI HUZIBA

Sababu ya kwanza ni safari fupi. Gari laenda kilomita 4 hadi sokoni, lazimwa, larudi, lazimwa. Injini haipati joto. Au chujio limeanza kujichoma, na dereva azima gari katikati ya kazi. Ni kama mama aliyeuondoa moto chini ya chungu kabla maharage hayajaiva. Akifanya hivyo kila siku, maharage hayataiva kamwe.

Sababu ya pili ni ugonjwa wa mahali pengine. Nozeli inadondosha badala ya kunyunyiza. Turbo inavujisha oili. Kidhibiti kinachorudisha moshi ndani ya injini kimekwama. Chujio la hewa limejaa vumbi la barabara zetu. Kila moja katika hizo huzidisha masizi kuliko chujio liwezavyo kuyachoma. Kosa ni la mwingine, lawama apata chujio.

Sababu ya tatu ni oili isiyofaa. Gari lenye chujio lataka oili iachayo majivu machache. Kwa magari madogo ya Japani tafuta alama DL-1 juu ya kopo, kwa malori yake DH-2, na kwa magari ya Ulaya herufi C pamoja na tarakimu yake, kama C3. Kitabu cha gari kitakuambia ni ipi. Oili ya bei nafuu inayopimwa kwa chupa pale njia panda si rafiki ya chujio.

Sababu ya nne ni dizeli chafu. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kushika kipimo kwamba salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 katika milioni. Basi dizeli ya kituo cha haki yafaa. Lakini dizeli ya madumu, iliyochanganywa na mafuta ya taa, nani ajuaye kilichomo?

TUTOE MFANO

Tufikiri habari za jamaa mmoja walionunua gari dogo la abiria. Kijana wao mkubwa ndiye dereva. Kutwa nzima achukua watu kutoka kijijini hadi njia panda, kilomita 6, azima gari, angoja abiria, arudi. Siku moja amwambia baba yake:

“Baba, taa ya manjano imewaka tena.”

“Gari linakwenda?”

“Linakwenda.”

“Basi, iache.”

Kijana akabandika kipande cha karatasi juu ya taa, abiria wasiione. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua. Juma la tatu, usiku, jirani yao ashikwa na uchungu wa kuzaa, nao wampakia kumpeleka hospitali. Kwenye mlima gari likakataa kupanda ila kwa mwendo wa mtu atembeaye. Halikuharibika. Kompyuta ilijizuia, maana iliona chujio limebanana mno na ikaogopa injini isiharibike. Mama yule alifika, lakini safari ya nusu saa ilikuwa ya saa moja na nusu. Hapo ndipo kila mmoja katika nyumba ile alipofahamu kwamba taa ile si pambo.

Kesho yake fundi wa kwanza alisema: “Mzee, dude hili tulikate, tuunge bomba tupu. Nusu saa tu.” Lakini mama wa nyumba aliuliza: “Masizi yanayolijaza yanatoka wapi? Tukitoa chungu, moshi wa jiko utakwisha?” Fundi hakuwa na jibu. Wakaenda mjini kwa fundi mwenye kompyuta ya kupimia. Yeye akaona nozeli moja yadondosha. Akaitengeneza kwanza. Kisha akaamuru kwa kompyuta chujio lijichome gari likiwa limesimama, akabadili oili na kutia iliyo sawa. Kwa kuaga akamwambia kijana: “Ndugu yangu, mara moja kila juma litoe gari hili barabara kuu. Litembee.” Tangu hapo jamaa hupeleka mahindi yao mjini siku ya gulio, kilomita 40 za lami. Faida ni mbili kwa safari moja.

ISHARA ZA KUANGALIA

Kabla ya taa kuwaka, gari lenyewe husema. Injini hunguruma zaidi kidogo gari likiwa limesimama. Feni huendelea kuzunguka baada ya kuzima. Harufu ya joto kali yasikika. Dizeli yaisha upesi kuliko desturi. Dalili hizi zikija siku moja moja, huenda chujio linajichoma: usizime gari, endesha dakika 15 zaidi. Zikija kila siku, ujue limeanza kushindwa.

Tena pima oili kila juma kwa kijiti chake. Oili ikipungua, waongeza. Lakini ikiwa imeongezeka bila mtu kuitia, hiyo ni hatari kubwa. Maana yake ni kwamba dizeli iliyonyunyizwa kwa kuchoma masizi imeteremka ndani ya oili. Oili nyepesi namna hiyo hailindi vyuma. Ikipita alama ya juu, usiendeshe: mwage yote, tia mpya, na umtafute fundi.

LA KUFANYA TAA IKIWAKA

Taa ya chujio ikiwaka na kutulia, na gari bado lina nguvu, usikawie. Toka nalo siku hiyo hiyo barabara kuu. Hakikisha kwanza dizeli ni ya kutosha, maana magari mengi hukataa kujichoma tangi likikaribia kwisha. Endesha dakika 20 hadi 30 bila kusimama simama, kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa au zaidi kadiri sheria iruhusuvyo. Huna haja ya kulikimbiza. Shika gia moja chini ya desturi, injini izunguke mara 2,000 hadi 2,500 kwa dakika. Mara nyingi taa itazimika njiani.

Malori mengi ya Japani yana kitufe chake cha kuchoma. Kwa Isuzu kimeandikwa DPD, kwa Hino DPR. Taa yake ikimweka, simamisha lori mahali pa usalama, acha injini inaunguruma, vuta breki ya mkono, bonyeza kitufe, ungoje kiasi cha dakika 20. Madereva wengi hawakifahamu, kwa kuwa maneno yaliyo karibu nacho ni ya Kijapani.

Sikilizeni neno moja hapa, ninyi mkaao penye nyasi. Wakati wa kuchoma, ekzosi huwa moto sana. Msisimamishe gari juu ya majani makavu, wala karibu na nyumba ya makuti au ghala la mahindi. Watoto wasiingie chini yake. Shamba la jirani likiungua, hasara yake yapita bei ya chujio.

Lakini taa ikimweka pamoja na ile ya injini, au gari limekwisha kupoteza nguvu, usijaribu kulichoma kwa mwendo. Masizi yakiwa mengi mno huwaka kwa pamoja, na chujio hupasuka kwa joto. Lipeleke kwa fundi mwenye kompyuta. Mwulize maswali matatu: Kwa nini limeziba? Umepima nozeli, turbo na yale mabomba membamba? Ni masizi au ni majivu? Kama ni masizi, ataweza kulichoma. Kama ni majivu, hana budi kulifungua na kulipeleka kwa wenye mashine za kulisafisha, au mnunue jingine. Fundi akujibuye vizuri ndiye wa kupewa kazi.

LA KUTOFANYA

Usilisafishe chujio kwa kulichokoa na waya, wala kwa pampu ya maji ya kuoshea magari. Kuta zake ni nyembamba, zavunjika. Usimimine dawa za chupa ndani ya tangi kwa matumaini tu. Zipo zinazosaidia masizi yaungue, lakini hakuna iondoayo majivu wala itengenezayo nozeli.

Wala usilikate. Wapo wasemao: Gari likikatwa chujio lapata nguvu. Kweli, gari lililobanwa pumzi likifunguliwa hupumua. Lakini nozeli mbovu yabaki mbovu, na turbo ivujayo yaendelea kuvuja, ila sasa hakuna taa ya kukuonya. Kompyuta nayo hudanganywa isione kasoro. Tena ndani ya chujio mara nyingi mna platinamu, madini ya bei kubwa, na wanunuzi wa vyuma chakavu walijua jambo hilo kabla yako. Fundi akikukatia bure, mwulize kopo la zamani lakaa na nani. Huko Uingereza, tangu Februari mwaka 2014, gari lililotengenezwa na chujio likionekana halina hushindwa katika ukaguzi wa kila mwaka.

Tena, masizi yale yasiponaswa yatakwenda wapi? Gari la kijiji husimama shuleni, zahanatini, sokoni, mlangoni kwa mwenyewe. Watoto huja kusimama nyuma yake, maana watoto hupenda magari, na kimo chao ni sawa na kimo cha ekzosi. Atakayeyavuta wa kwanza ni mwana wa mwenye gari.

KABLA YA KUNUNUA

Mwisho, kwa ninyi mnaokusanya fedha sasa. Jiulizeni gari litafanya kazi gani. Kama safari zenu zote ni za kilomita 5, na barabara ya lami iko mbali, gari la petroli litawafaa zaidi, hata likila mafuta kidogo zaidi. Kama mna mizigo na safari ndefu, nunueni la dizeli bila hofu. Ila kabla ya kulipa, washeni ufunguo mwone kama taa ya chujio yawaka kidogo na kuzimika, kama inavyopasa. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameikata. Tieni kidole mdomoni mwa ekzosi. Mpelekeni fundi wenu na kompyuta yake asome masizi yamejaa kiasi gani. Malipo ya kazi hiyo ni madogo ukiyapima na bei ya chujio jipya.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Taa ya manjano ni ufa. Anayeitazama siku ile ile atatumia nusu saa ya barabara na dizeli kidogo. Anayeibandika karatasi atauza ng'ombe wa pili.